Nguo Zilizommeza Wendell

Tak. Tak. Vibanio viwili vya sanduku la plastiki vilifunguka gizani, kimoja baada ya kingine, kule kwenye kibaraza cha nyuma. Nilikuwa macho, binti yetu Opal amelalia mkono wangu, nikajua kwamba mume wangu Wendell anajitahidi asituamshe na anashindwa.

Sanduku lile nililijaza mimi. Nilitandika matawi ya msonobari na majani makavu ya mwaloni, nikazilaza nguo zake za kuwindia juu yake, nikafunika. Zilikaa humo tangu kiangazi zikinywa harufu ya msitu. Sheria yangu ilikuwa moja: halifunguliwi ndani ya nyumba, maana nyumba yetu inanukia kahawa na mafuta ya nyama, na kulungu ana pua kali kuliko mama mkwe.

Nikauchomoa mkono polepole, nikaenda. Wendell alikuwa amesimama kibarazani na nguo za ndani tu, meno yakimgongana, akivuta suruali.

"Rudi ulale," akaninong'oneza.

"Umevaa soksi zipi?"

"Za sufu. Zile ulizofua kwa sabuni yako ya kichawi."

"Na simu?"

"Itabaki garini. Najua, mwanga wake ni wa buluu. Mwalimu keshafundisha, mwanafunzi keshaelewa."

Alinibusu kipajini kwa midomo ya baridi. Jumamosi zote Wendell huwa zamu kwenye kiwanda cha karatasi, lakini ile wiki mashine kubwa iliharibika wakapewa mapumziko, na kwake siku ile ilikuwa kama zawadi iliyodondoka kutoka mbinguni. Akachukua upinde wake, akafunga mlango kwa upole, pikapu ikaguna na kuondoka. Nikabaki nimesimama na miguu mitupu, na sijui kwa nini, sikutaka kurudi kitandani. Kuna kitu kilikuwa kinanikereketa moyoni, kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau kuzima jiko.

Huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin friza bila nyama ya kulungu ni aibu na ni njaa. Mwaka uliopita yetu ilikaa tupu. Wendell alipanda mtini asubuhi baada ya asubuhi, na kila kulungu aliyepita chini alisimama, akainua kichwa, akamtazama usoni kama anayemdai, akageuka na kwenda zake. Wenzake kiwandani walimcheka. Walimwambia ajaribu kuwinda maboga.

Mimi wakati ule nilikuwa nasoma masomo ya jioni, baiolojia, Opal akibaki kwa bibi yake. Jioni moja tukafundishwa macho ya wanyama. Kulungu haoni nyekundu wala rangi ya chungwa. Kwake zote ni kama rangi ya majani yaliyokauka. Lakini buluu anaiona vizuri sana, hata ule mwanga unaopita zambarau ambao sisi hatuuoni kabisa. Na sabuni za unga za dukani, zile zinazofanya shuka jeupe liwe jeupe zaidi, huacha kwenye kitambaa kitu kinachowaka kwa mwanga huohuo. Niliposikia hayo nusura nisimame darasani. Nikaazima taa ya zambarau, nikazima taa za chumba cha kufulia, nikaimulika jaketi ya mabaka ya Wendell. Iling'aa kama mbalamwezi.

Wendell alisimama mlangoni akaitazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "nimekaa mtini kama taa ya barabarani."

Nguo zile hazikufulika zikatoka mwako wote, kwa hiyo tukaenda kununua nyingine, na Mama Arlene, mamake Wendell, akajipakia garini bila kualikwa. Ni mama anayeingia dukani kama mkaguzi. Alishika mikono ya mashati, akaguna.

"Marehemu baba yake aliwinda na koti la sufu, jekundu, la miraba," akasema. "Na hatukulala njaa hata siku moja."

"Ni kweli Mama, nyekundu haioni. Lakini umbo analiona. Mtu akikaa kama mtu, anaonekana mtu."

"Baba yake alikaa kama gogo. Hakuhitaji shati la kumfundisha."

Nikamwomba mwenye duka aniruhusu kutoa mashati matatu nje. Nikayatundika kwenye uzio, mbele ya kichaka, nikarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara. Lile lenye vijani vidogo vidogo, zuri sana ukilishika mkononi, kwa mbali lilikusanyika likawa bonge jeusi, kama dubu amening'inizwa. La kijani lilipiga kelele, maana majani ya mwezi wa kumi si ya kijani tena. Lakini la tatu lilikuwa na mabaka makubwa, kijivu na kahawia na rangi ya nyasi iliyokauka, yasiyo na mpangilio, na nilipolitazama kutoka kule bega lilikwenda huku, mkono ukaenda kule, na katikati pakabaki kichaka. Nikasema hili. Nikachukua na suruali yake, na glavu, na kitambaa cha kufunika uso, kwa sababu uso wa mzungu mtini ni kama sahani.

Nilizifua zote kwa sabuni isiyo na mwako wala manukato, nikazianika gizani. Kisha tukazijaribu. Wendell alizivaa akaenda kusimama nyuma ya nyumba, pembeni mwa miti, nami nikamtoa Opal nje tumtafute. Tulizunguka. Nilimwita. Opal alianza kwa kucheka, halafu akanyamaza, halafu akalia akidhani baba yake ametoweka kweli. Wendell akainuka alipokuwa, karibu kabisa, ningeweza kumtemea mate. Mimi nilipiga makofi. Nilijisikia kama fundi aliyemaliza kazi yake. Usiku ule Opal alilala akiwa ameshikilia sikio la baba yake, hakutaka kuliachia.

Basi, alfajiri hiyo nilikuwa nimeanza kukoroga unga wa chapati za maji niliposikia mlio wa kwanza.

Ulitoka mbali, upande wa mto. Mlio mmoja mzito, halafu mwangwi ukitambaa juu ya miti. Nikaacha kijiko. Upinde haulii hivyo. Nikajiambia ni mtu anasahihisha shabaha ya bunduki yake nyuma ya banda, kama wanavyofanya wiki za kukaribia msimu, kwa sababu msimu wa bunduki bado, huu ni msimu wa mishale tu. Nikakoroga. Mlio wa pili ukaja, huu kutoka upande wa kilima. Mtu hawezi kusahihisha shabaha mahali pawili.

"Mama, ngurumo," Opal alisema mezani.

"Ndiyo, mpenzi. Kula ndizi."

Kulikuwa na anga safi kabisa dirishani.

Mama Arlene akaingia bila kubisha, kama kawaida, boksi la donati mkononi na kofia ya rangi ya chungwa kichwani. Alikuwa amekuja kukaa na Opal ili mimi nisome. Akaanza kusema kabla ya kuvua viatu.

"Nimempita Virgil Novak pale darajani, anamteremsha mjukuu wake kwenye gari. Yule Maren. Wamemvika chungwa kutoka utosini hadi kwenye buti, masikini, kama boga lenye miguu. Bunduki ni ndefu kuliko yeye. Nikamwambia Virgil, ukirudi na kulungu mkubwa kuliko huyo mtoto, nitakuja kula maini."

Nilimsikia kila neno na sikuelewa hata moja. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja.

Wikendi ya watoto. Kabla ya watu wazima kuruhusiwa kubeba bunduki, kuna siku mbili ambazo msitu ni wa watoto; kila mmoja na bunduki yake na mtu mzima kando yake. Na siku hizo mbili kila mwindaji anayeingia msituni, hata awe na upinde, lazima avae rangi ya chungwa. Kulungu haioni. Watoto wanaiona. Hiyo ndiyo maana yake yote. Watu wenye watoto wakubwa huihesabu siku hiyo kama Krismasi. Sisi wetu ana miaka mitatu, na mume wangu Jumamosi hajui rangi ya msitu ikoje. Ilitupita.

Mama Arlene aliacha kusema. Alikuwa hanitazami mimi. Alitazama nyuma ya mlango, pale kwenye msumari, ambapo kizibao cha chungwa cha Wendell kilikuwa kimetundikwa.

"Amevaa nini mwanangu?" akauliza.

"Zile nguo."

"Zile ulizochagua wewe."

"Ndiyo, Mama."

Ningependa anilaumu. Alimnyanyua Opal na ndizi yake, boksi la donati chini ya kwapa, akamvika kofia yake mwenyewe ya chungwa iliyomfunika mpaka puani, akatoka. Nami nikakitoa kizibao msumarini.

Njiani nilipiga simu ya Wendell mara nyingi. Nilijua iko wapi lakini kidole hakikutaka kuacha. Mama Arlene alipoegesha gari lake kando ya pikapu ya Wendell, pale njia ya msitu inapoishia, niliisikia ikiita ndani ya gari lililofungwa, kwa ule wimbo wa vinanda ambao Opal aliuchagua. Nilikata, wimbo ukakatika.

"Piga honi, Mama."

"Kila mtoto aliyepo humu atapoteza kulungu wake. Virgil hatanisamehe mpaka kaburini."

"Piga."

Mama Arlene akaweka kiganja chake chote kwenye honi na kuegemea. Opal aliziba masikio na kucheka. Sauti ile ilikwenda msituni na kurudi, ikaenda tena. Tulitazama miti. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kule, nilifikiri, vizuri, utamfikishia. Hakutoka mtu.

"Namfuata," nilisema. "Wewe endelea. Usiache."

"Vaa hicho kizibao."

"Ni chake."

"Vaa, binti, au nitakuvisha mwenyewe mbele ya mtoto wako. Ukimkuta mtavaa wote wawili, nyinyi si wanene."

Nikavaa. Kilinifika magotini.

Ningependa kusema kwamba nilikimbia. Nilitembea, kwa sababu nilikuwa naogopa kuanguka na naogopa kelele yangu na naogopa ukimya pia. Jina lake nililiita kwa sauti niliyodhani ni kubwa. Wendell. Wendell. Majani yalikuwa yamedondoka nusu. Yaliyobaki mtini yalikuwa ya manjano na kahawia, na chini kahawia na kijivu, na kila nilipotupa macho niliiona jaketi ya Wendell. Kila gogo lilikuwa na bega lake. Kila mzizi ulikuwa goti. Nilisimama mara kadhaa nikasema "Wendell?" kwa kichaka, kwa upole, kama unavyomwamsha mtu, na kichaka kikabaki kichaka. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara siku ile nikijisifu kwamba bega limekwenda huku na mkono kule. Sasa msitu mzima ulikuwa umegawana vipande vyake, na sikuweza kuvikusanya.

Mlio ukapigwa tena, huu karibu, nikajikuta nimechuchumaa nimeshika kichwa. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume ikicheka kwa furaha mahali fulani kilimani na mtoto akipiga kelele za ushindi. Kulungu, nikajiambia. Wamepata kulungu. Mtu hachekelei kitu kingine. Nikainuka nikaendelea.

Mti wa Wendell naujua. Ni mwaloni mkubwa ulioinama juu ya kijito, na kiti chake cha chuma amekifunga juu kwa mikanda. Nilipoufikia niliinua macho nikaangalia kwa makini sana, tawi kwa tawi, kwa sababu nilijua hata akiwepo sitamwona mara moja. Kiti kilikuwa kitupu. Kamba anayopandishia upinde ilikuwa inaning'inia, na bado ilikuwa inayumba. Upinde wenyewe ulikuwa umeegemezwa kwenye shina, mshale ukiwa bado umefungwa pembeni yake.

Wendell hauachi upinde wake. Hata choo cha msituni huenda nao.

Honi ikalia tena kule nyuma, ndefu, na ndipo nikafahamu nilichofanya. Alikuwa ameisikia, na iliporudia bila kukoma akashindwa kuivumilia. Aliijua ni honi ya gari la mama yake, na mama yake hawezi kufika mwisho wa njia ile alfajiri ya Jumamosi na kupiga honi vile isipokuwa mtoto amepatwa na jambo. Alidhani ni Opal. Alikuwa ameruka chini, akaacha kila kitu, na akashika njia ya mkato, kuvuka kijito na kupita kwenye vichaka vya bondeni, mbio, ameinama, na zile nguo mwilini, katikati ya msitu wenye watoto na bunduki. Akiwa juu mtini alikuwa salama kuliko popote. Mimi ndiye niliyemteremsha.

Honi ikalia. Kila ilipolia nilijua inamvuta zaidi. Nilitamani Mama Arlene aichoke, azimie, betri ife. Nilimwambia asiache, na mama yule akipewa kazi haachi.

Sasa nilikimbia. Nilivuka kijito, maji yakaingia ndani ya viatu kwa baridi ya kukata, nikapanda ukingo kwa mikono. Ng'ambo pana uwazi kidogo, nyasi ndefu zilizolala, na baada ya uwazi kuna mialoni ya shamba la Virgil. Niliwaona papo hapo. Huwezi kuacha kuwaona. Walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye kiti cha ngazi kilichoegemezwa mtini, mzee na mtoto, wanawaka kama makaa mawili. Virgil alikuwa amegeuka kabisa, shingo imepinda kuelekea barabarani, nina hakika alikuwa anailaani ile honi. Maren hakuwa amegeuka. Maren alikuwa ameweka bunduki kwenye chuma cha mbele ya kiti, shavu limelala kwenye kitako chake, na mdomo wa bunduki ulikuwa unasogea taratibu sana, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayefuata kitu kinachotembea.

Nikatazama kule ulikoelekea.

Hivyo ndivyo nilivyompata mume wangu. Macho yangu hayakunisaidia kitu. Nilifuata bunduki ya mtoto wa miaka kumi, nikachora mstari hewani kutoka kwenye mdomo wake, na mwisho wa mstari kulikuwa na vichaka vya kahawia na kijivu na rangi ya nyasi iliyokauka. Sikuona mtu. Nakuapia sikuona mtu. Niliona matawi yakitikisika, yakatulia, yakatikisika mbele kidogo. Kitu kilikuwa kinapita mle, kizito, kimeinama. Kama ningekuwa mimi juu ya kile kiti, ningesema ni kulungu.

Nilifungua mdomo nipige kelele na sikupiga. Kidole cha mtoto kiko wapi? Nikipiga kelele atashtuka, na akishtuka mkono utajikunja. Nisipopiga, je? Nilifikiria sikio la Wendell katika mkono mdogo wa Opal. Sijui kwa nini nilifikiria sikio.

Nikatoka kwenye ukingo, nikaingia kwenye uwazi.

Nilikwenda polepole, mikono juu, kizibao kikinigonga magotini, nikielekea kati ya kile kiti na vile vichaka. Nyasi zilikuwa na sakitu, ule umande ulioganda, zikilia chini ya viatu vyangu. Sikumtazama Virgil. Nilimtazama yule mtoto, na kwa muda mdomo wa bunduki ulinitazama mimi, tundu dogo jeusi lisilo na haraka. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nasema kwa sauti ya chini, "Maren, mpenzi, ni mimi mama yake Opal, ni mimi tu," na najua hakunisikia, maana mimi mwenyewe sikujisikia.

Mdomo wa bunduki ukainuka. Ukapita kichwa changu, ukapita miti, ukaelekea angani na kubaki hapo.

Virgil aligeuka. "Wewe ni nani tena?" akauliza kwa sauti. "Leo msitu umekuwa soko?"

Nyuma yangu kichaka kikasimama. Niliposikia nikageuka, na alikuwa karibu, amekwaruzwa mikono, kitambaa cha uso kimeshuka shingoni, anahema kama farasi. Hakuwaona akina Virgil. Hakuona bunduki. Aliniona mimi tu.

"Opal ana nini?" alisema. "Niambie haraka. Ana nini?"

"Hana kitu. Anakula donati garini."

"Basi honi ya nini? Kwa nini umevaa kizibao changu?"

Nilikivua, vidole vikakataa kushika zipu, nikamvalisha kichwani kama mtoto, mkono mmoja, mkono wa pili. Alianza kunicheka. Halafu alitazama juu ya bega langu, akawaona wawili wale wanaowaka mtini, akaona na bunduki inayoelekea angani. Nikaona uso wake ukipoteza damu kutoka juu kwenda chini. Akakaa kwenye nyasi.

"Ni wikendi ya watoto," alisema.

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu."

Virgil aliteremka ngazi. Ni mtu mkubwa mwenye magoti mabovu na ilimchukua muda, lakini alipofika alimkamata Wendell ukosi akamwinua nusu.

"Nimekujua tangu unavaa nepi," alisema. "Nilimzika baba yako. Unataka nini kutoka kwangu? Unataka mjukuu wangu abebe hilo mpaka awe bibi?"

"Nilisahau, Virgil. Jumamosi huwa niko zamu. Mashine iliharibika."

"Mashine iliharibika." Alimwachia. Alinigeukia mimi. "Na wewe, unajitembeza mbele ya bunduki kama ng'ombe. Mna kichwa kimoja kati yenu wawili?"

"Mzee Virgil," nilisema, "ulikuwa unatazama wapi?"

Alitazama upande wa barabara, ambako honi ilikuwa bado inalia, akafuta uso kwa kofia yake. Wendell akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atakwenda kumwambia mama yake aache. Hakuinuka. Nilimshika bega kupitia kile kitambaa nilichokichagua, nikalisikia bega lenyewe, la moto, mfupa na nyama, na nikaligandamiza mpaka akaguna.

Kisha nikakumbuka kwamba kuna mtu bado yuko juu.

Maren hakuwa ameshuka. Alikuwa ameifungua bunduki na kutoa risasi, akaiweka mapajani, mikono yote miwili juu yake, kama anavyokaa mtoto kanisani. Kofia ilimteremka mpaka kwenye nyusi. Nilipanda ile ngazi, nikakaa pale alipokuwa amekaa babu yake, chuma kikiwa bado na joto. Kutoka juu pale niliona bonde lote. Nikatafuta kile kichaka. Nilikijua, nilikuwa nimesimama mbele yake, na hata hivyo nilipata taabu kukipata.

Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa makubwa kwake. Mwishowe niliuliza tu kama alikuwa anakifuata kile kitu kwa muda mrefu.

Alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Chini yetu wale wanaume walikuwa wameinua nyuso.

"Sikujua ni nini, kwa hiyo sikupiga," Maren alisema.